Hewa ya Mlimani na Pumzi ya Mtoto

Leo tutaanzia mbali, kisha turudi nyumbani Suam.

Mnamo Oktoba 1968, Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika Jiji la Mexico, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000 na kuiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kipchoge Keino naye akashinda mita 1,500. Lakini Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa ameweka rekodi nyingi za dunia, alimaliza wa sita nyuma ya Temu, akaanguka na kuzimia. Ilibidi apewe oksijeni.

Kwa nini? Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko pwani. Clarke angekuwa ameketi tu, asingezimia. Lakini alipokimbia, misuli ilitumia oksijeni upesi kuliko mapafu yalivyoweza kuileta. Temu na Keino walikulia nyanda za juu, na miili yao ilikwisha kuzoea.

Wanahewa walilijua jambo hili mapema. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari wa ndege za mabomu zilizopaa juu sana walivuta oksijeni kwa mpira wakiwa wameketi. Aliyeinuka kutembea ndani ya ndege alibeba mtungi wake mdogo. Siku hizi ndege za abiria hushindiliwa hewa, iwe kama ya mahali pasipozidi mita 2,400 hivi.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Suam, ubavuni mwa Mlima Elgon, tuko karibu mita 2,000. Mtoto mwenye afya aliyezaliwa hapa ameizoea hewa hii. Lakini akishikwa na nimonia, mapafu hushindwa kuchukua hata ile oksijeni iliyopo. Na kwa mtoto mchanga, mama, kunyonya ndiyo mbio yake. Akiwa amelala anaweza kuonekana mzima. Mpe titi: akiliachia kila mara ili atwete, au akishindwa kunyonya kabisa, jua hali ni mbaya.

Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, si akilia. Ni hatari zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Tazama pia kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au kama midomo imegeuka buluu.

Ukiona dalili mojawapo, usingoje kupambazuke. Mfunike vizuri, mbebe, umpeleke hospitali mara moja.