Jinsi mwanahabari anavyoripoti mbio asizoweza kuziona zote

KATIKA soka, mwandishi huketi jukwaani na kuona uwanja mzima, lango hadi lango. Mbio za nyika, za barabarani na za magari hazimpi fursa hiyo. Njia ni ndefu, na popote atakaposimama ataona kipande tu cha shindano.

Kazi yake, basi, ni kuthibitisha yale ambayo macho yake hayakuyashuhudia.

Mfano ulio wazi ni mbio za magari za Safari Rally, zilizoanzishwa mwaka wa 1953. Magari hayaondoki kwa pamoja. Huachiliwa moja moja, yakipishana kwa dakika kadhaa, na mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi zaidi kwa jumla. Gari linalotangulia kutokea vumbini huenda likawa la tano kwa muda, na mwandishi asiyefahamu hilo atawapotosha wasomaji wake tangu sentensi ya kwanza.

Ndiyo sababu wazoefu hawafukuzani na magari siku nzima. Huchagua kona moja ya kujionea hali ya barabara, kisha hurejea kwenye kambi ya mafundi, ambako madereva na waelekezi wao husimulia yaliyowakuta na muda rasmi hutolewa.

Haraka nayo ina hasara yake. Mwaka wa 2021, mashindano hayo yaliporejea kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville wa Ubelgiji aliingia siku ya mwisho, Naivasha, akiwa uongozini. Gari lake liliharibika asubuhi hiyo na Sébastien Ogier wa Ufaransa akaibuka mshindi, akifuatwa na Takamoto Katsuta wa Japani. Taarifa yoyote iliyoandaliwa usiku haikuwa na kazi tena.

Katika mbio za nyika, hali ya hewa yaweza kuwa habari yenyewe. Machi 24, 2007, Mombasa ilipoandaa mashindano ya dunia, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyeshinda mbio fupi na ndefu kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2006, alijiondoa kabla ya kufika utepeni. Zersenay Tadese wa Eritrea alitwaa dhahabu, mbele ya Moses Mosop wa Kenya.

Orodha ya matokeo haielezi kisa hicho. Anayeweza kukieleza ni mwandishi aliyezingatia joto na unyevu wa Pwani, akahesabu waliojiondoa, na akatazama nyuso za wakimbiaji kila walipokamilisha mzunguko. (Penseli humfaa kuliko kalamu ya wino, kwani karatasi iliyolowa jasho au mvua huikataa kalamu.)

Hata utepe ukishakatwa, matokeo huwa ya muda. Rufaa zaweza kukatwa, na rekodi husubiri idhini. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, sekunde 35, Oktoba 8, 2023, lakini rekodi hiyo iliidhinishwa Februari 2024, siku chache kabla ya kifo chake. Katika kipindi hicho chote, mhariri makini aliandika kwamba ilisubiri kuidhinishwa.

Usalama ni jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Gari linaloteleza hutupwa upande wa nje wa kona, na huko ndiko wapigapicha hupata picha nzuri zaidi. Mwandishi husimama mahali palipoinuka, upande wa ndani, akiwa ameshajua atakimbilia wapi.

Ajali ikitokea, watazamaji hutaja majina kabla vumbi halijatulia. Mwandishi huyaandika daftarini na kuyaacha humo, hadi maafisa wathibitishe na jamaa za waathiriwa wawe wamearifiwa.