Laini ya Simu Ilikuwa Yangu

Wengi wetu tukiongea kuhusu kubeti Kenya tunaanzia 2014, SportPesa ilipoingia sokoni. Lakini sheria ya kamari ilikuwa hapa tangu 1966. Wazazi wetu walikuwa na tikiti za Charity Sweepstake, zile za kukwaruza. Mzee wangu anasema baba yake akinunua, yeye ndiye alipewa sarafu akwaruze, eti mkono wa mtoto una bahati. Hakuna aliyeita hiyo kamari. Ilikuwa Jumamosi tu na babake.

Kilichobadilika ni simu. M-Pesa ilianza 2007, kwa hivyo kampuni za kubeti zilipokuja zilikuta watu tayari wana pochi kwenye simu. Halafu 2017 Mkenya mmoja akashinda jakipoti ya milioni 221, na kwetu hiyo ndiyo iliongelewa mezani wiki nzima. 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Wasee waliendelea kubeti.

Sasa nifuate hapa. Lazima uwe na miaka 18 ndio ubeti. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho, na kitambulisho unapata ukifika 18. Basi kijana wa Form Two anabeti kwa laini ya nani?

Wa kwetu alibeti kwa yangu.

Nilikuwa na miaka 19, binamu yangu 15. Alikuja na mia mbili, akasema marafiki zake wote wameweka mkeka, yeye tu ndiye amebaki. Nikamwekea timu tano. Zikaingia zote! Tulipiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Nikimlaumu mtu leo, naanza na huo ushindi, kwa sababu mikeka mingine yote ilichanika na hakuna aliyeikumbuka.

Muhula uliofuata alinitumia elfu nne nimwekee. Sikuuliza zimetoka wapi. Kusema ukweli, nilijua, sababu shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na kwao hakuna mtu hutoa elfu nne bure. Timu moja ikatuchoma dakika ya 88.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Shangazi alilaumu simu, akalaumu marafiki, akaenda hadi shuleni kulalamika. Mimi ndiye nilimsindikiza.

Mpaka leo binamu hajawahi kunitaja. Shangazi, najua unasoma post zangu. Nitapiga jioni.