Karimjee, Mkwawa na umri wa jina la ukoo

Jina la ukoo lenye asili ya Kihindi likionekana Iringa au Mbeya, nalo si Patel wala Shah wala Singh, watu huuliza swali moja: limetoka kijiji gani cha India? Anayeuliza hivyo anachukulia kwamba jina adimu ni jina la kale, kwamba wachache walio nalo ni mabaki ya ukoo mkubwa uliotawanyika, na kwamba akifunga safari hadi Gujarat atalikuta shina lake limesimama. Mimi nashikilia kinyume. Mengi ya majina hayo hayana kijiji India. Yamezaliwa huku kwetu, pwani kwanza kisha bara, katika miaka mia na hamsini hivi iliyopita, nayo ni adimu kwa sababu ni machanga. Mtu wa Ilula, mkoani Iringa, yuko karibu na ushahidi wa jambo hili kuliko mtafiti aliye Mumbai, maana jina mashuhuri kuliko yote mkoani mwake, Mkwawa, limekuwa jina la ukoo kwa njia hiyohiyo.

Tuanze na desturi yenyewe. Miongoni mwa Mabohora na Makhoja wa Kutch na Kathiawar, jamii zilizotoa wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Kiislamu waliovuka bahari kuja pwani yetu, mtu aliweza kuishi na kufa bila jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, likifuatwa na la baba yake, basi. Mwanawe naye akachukua jina lake na la baba, na la babu likadondoka. Mkia wa jina ulibadilika kila kizazi, na nyongeza za -jee na -bhai zilikuwa za heshima tu, hazikutaja ukoo wowote. Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa Pakistan, alitoka katika nyumba ya namna hiyo. Baba yake aliitwa Jinnahbhai Poonja. Jina la Jinnah, linalojulikana leo dunia nzima, lilikuwa la mtu mmoja tu, baba mzazi, nalo lilikatwa mwisho wake mwana alipokuwa London akisomea sheria. Poonja, jina la babu, halikusonga mbele naye. Atakayetafuta ukoo wa kale wa akina Jinnah nyuma ya hapo atatafuta bure.

Ni kweli kwamba si Wahindi wote walikuwa hivyo. Patel ni cheo cha mkuu wa kijiji kilichokuja kubebwa na jamii nzima ya wakulima wa Gujarat. Singh hubebwa na Masingasinga kwa agizo la dini yao. Shah wamejaa miongoni mwa Majain waliokwenda Kenya. Majina hayo ni ya kale kweli na yana mizizi ng'ambo. Lakini yatazame: ndiyo yale yaliyo mengi. Jina likibebwa na jamii nzima kwa karne kadhaa, wenye nalo huwa malaki na mamilioni. Jina lililoanza kwa babu mmoja aliyekufa juzijuzi haliwezi kuwa na watu wengi kuliko wajukuu na vitukuu wake walioamua kulishika. Pingamizi la akina Patel, basi, linaitia nguvu hoja yangu.

Katika Afrika Mashariki mfano ulioandikwa vizuri kuliko yote ni nyumba ya Karimjee. Jivanjee Buddhaboy, Mbohora wa Mandvi, bandari ya Kutch, alianza biashara Unguja enzi za Seyyid Said. Kampuni yenyewe huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1825. Miongoni mwa wanawe walikuwa Karimjee, Pirbhai na Esmailjee. Mwaka 1861 ndugu hao waligawana, na Karimjee akafungua biashara yake kwa jina la Karimjee Jivanjee, jina lake na la baba yake, kama desturi ilivyotaka. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu hufa, lakini biashara ikishika haifi naye. Jina lilikuwa kwenye barua, kwenye hati za mkopo na kwenye shehena zilizopita forodhani, na mfanyabiashara wa Mumbai au London aliyetoa bidhaa kwa mali kauli alilitegemea jina hilo bila kumwona mwenyewe. Kwa kanuni ya zamani wajukuu wangepaswa kuliacha na kuchukua ya baba zao. Lakini kuliacha kulimaanisha kuanza upya kutafuta kuaminiwa. Wakalishika. Mlango wa Pirbhai na wa Esmailjee haukuwa na sababu ya kulitumia, ingawa damu ni moja. Uchache wa akina Karimjee umeanzia pale mezani ndugu walipogawana.

Kuna alama ndogo inayoonyesha jinsi desturi mbili zilivyoshikana katika jina moja. Kitukuu mmoja aliandikwa A.Y.A. Karimjee, na herufi hizo ni nasaba kamili: Abdulkarim, mwana wa Yusufali, mwana wa Alibhai, wa Karimjee. Mnyororo wa Kutch bado unahesabu vizazi ndani ya herufi za mwanzo, ila mwishoni pingu imefungwa: baada ya Karimjee hairuhusiwi tena kudondoka. Bwana huyu ndiye aliyekuwa Spika nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, na Bunge lilikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, uliotolewa na familia hiyo.

Mwaka 1962 alimwachia kiti hicho Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa. Majina ya maspika hawa wawili yana muundo mmoja. Adam, mwana wa Sapi, mwana wa Mkwawa: jina lake, la baba, la babu. Na Mkwawa, kama Karimjee, halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa kifupi cha Mkwavinyika, jina la mtu mmoja, mtawala wa Wahehe, mwana wa Munyigumba. Ukoo wake ni Mwamuyinga. Masimulizi ya Wahehe yanamtaja mwindaji aitwaye Mufwimi, mgeni aliyezaa na Semududa, binti wa mtawala Mwamududa, kisha akafa mawindoni. Mtoto wao ndiye Muyinga, na wote waliotoka kwake ni Mwamuyinga. Ukipima kwa mila, basi, Adam Sapi angeweza kuandikwa Adam Mwamuyinga, na hakuna mzee ambaye angeshangaa.

Kwa nini hakuandikwa hivyo? Jibu linaanzia karibu sana na Ilula. Kwenye barabara ya kwenda Iringa mjini ndiko liliko pori la Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwavinyika lilivizia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski na kukiangamiza pamoja na kamanda wake. Tangu siku ile jina fupi la mtawala likaingia katika taarifa za Wajerumani, wakiliandika Quawa. Ngome ya Kalenga ikavunjwa mwaka 1894, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwavinyika akajiua asikamatwe, na Wajerumani wakachukua kichwa chake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jina lake likaingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa, ikiwa imetaja kwanza Msahafu wa Khalifa Othman uliopaswa kurudishwa kwa mfalme wa Hijazi. Tahajia ilifungwa katika karatasi ya kimataifa kabla nyumba yake haijalitumia kama jina la ukoo serikalini. Waingereza walipomweka Sapi kuwa chifu mwaka 1926, walichohitaji kukionyesha ni kwamba huyu ni mwana wa yule, na "yule" alikuwa na jina moja tu mbele ya macho yao. Adam Sapi alipolipokea fuvu kutoka kwa Gavana Edward Twining mwaka 1954 huko Kalenga, jina lilikuwa limekwisha kuganda.

Lingeweza kuganda penginepo. Mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwavinyika, kuwa mtawala, na miezi michache baadaye, mwaka 1897, wakamnyonga. Kama angeachwa hai na kurithisha uchifu, naamini shule, barabara na viti vya Bunge vingebeba jina lake, na Mkwawa lingebaki la marehemu mmoja. Jina la ukoo ni matokeo ya tukio na lingeweza kwenda kwingine. Kulichukulia kama kipande cha zama za kale ni kulipa umri lisio nao.

Atakayenipinga kwa nguvu atasema kwamba kulinganisha hivi si haki. Nyumba moja ilishika jina ili mali iendelee, nyingine ililishika baada ya kupoteza nchi, ngome na kichwa cha baba. Nakubali kwamba sababu hazilingani, wala maumivu. Ninachodai ni chembamba zaidi: pande zote mbili zilikutana na utawala uliotaka kila mtu awe na mkia wa jina usiobadilika, kwa ajili ya kodi, leseni ya biashara, pasipoti na daftari la shule, na mkia huo ukawa babu yule aliyekuwa na uzito siku ile. Mwingine atasema kwamba desturi ya kubeba jina la baba ilitoka India, kwa hiyo asili ya jina ni India. Desturi, ndiyo. Lakini desturi hiyo, ikiachwa peke yake, isingeliacha Karimjee lifike kwa vitukuu. Kilicholifanya liwe jina la ukoo ni kuvunjwa kwa desturi, nako kulitokea Unguja.

Kutoka hapa tunaweza kuzungumzia idadi ya watu kwa akili zaidi. Kwanza, kufanana kwa majina si undugu. Nairobi kuna bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa na Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora wa Karachi aliyechukua kandarasi katika ujenzi wa reli ya Uganda na kuanzisha gazeti Mombasa mwaka 1902. Jina lake na la Jivanjee wa Unguja ni moja, tofauti ni tahajia, lakini hizi ni nyumba mbili, moja ya Karachi na nyingine ya Mandvi. Anayehesabu wenye jina hilo kwa pamoja anajumlisha watu wasiohusiana, na anayewatenganisha kwa tahajia anategemea mkono wa karani. Pili, nchini kwetu sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, hivyo hakuna hesabu ya taifa inayoweza kuambiwa itoe Wahindi wa Iringa kwa majina yao. Tatu, kuondoka. Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwagusa Waasia wa mijini kuliko wengine wote, na familia nyingi zilihamia Uingereza na Canada. Katika mji kama Iringa, ambako jamatkhana ya Waismailia yenye mnara wa saa bado ni alama ya mtaa, nyumba moja ikihama jina zima huondoka nayo. Jina la watu arobaini halihitaji msiba mkubwa ili litoweke wilayani. Linahitaji ndugu wawili kuuza duka.

Jambo la nne ni wanawake, na hapa kumbukumbu za Wahehe zinasaidia kuliko za Gujarat. Mama yake Mkwavinyika aliitwa Sengimba. Bibi mkuu wa ukoo, tumemtaja, ni Semududa, binti wa Mwamududa. Ile Se- ya mwanzo ni alama ya kike: jina lilimfuata binti hata alipoolewa, likieleza kila siku ametoka kwa nani. Daftari la serikali halikuwa na nafasi ya maumbo mawili ya jina moja, likachukua lile la kiume na kulieneza kwa wote. Hasara yake ni kubwa kwa mtu anayefuatilia nasaba, kwa sababu nusu ya watu wameondolewa alama iliyowafanya waonekane. Kwa Wahindi pia, binti wa Karimjee aliyeolewa amewapa watoto wake mkia mwingine, na hakuna hesabu ya jina inayomwona tena. Idadi ya jina la ukoo, popote, ni idadi ya mstari mmoja wa wanaume walioafikiana kuacha kubadilika.

Wala kazi hiyo haijakwisha. Madukani na sokoni Ilula, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, utasikia Kalinga na Sanga, majina ya koo kubwa za Wahehe na Wakinga, na utasikia watu ambao jina lao la tatu ni la babu tu, la kubatizwa au la Kiislamu, lisilo la ukoo wowote. Fomu ya kitambulisho cha taifa inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na likishaandikwa kulibadili ni kazi ya viapo na ada. Mtoto anayeandikishwa mwaka huu kwa jina la babu yake, naye akaja kuwaandikisha wanawe kwa mkia huohuo, ameanzisha jina la ukoo lenye watu wanne au watano, adimu kuliko Karimjee.