Sindromu ya VEXAS

Sindromu ya VEXAS ni ugonjwa wa damu na wa kinga ya mwili unaowapata hasa wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Husababishwa na badiliko katika jeni moja, UBA1, ndani ya seli za uboho wa mifupa. Badiliko hilo hutokea ukubwani, na mgonjwa hawarithishi watoto wake.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na siko seli, inayojulikana sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mtoto mwenye siko seli, awe amezaliwa Utende kisiwani Mafia au Dar es Salaam, amepokea jeni hizo kwa baba na kwa mama, nazo zimo katika kila seli ya mwili wake. Mgonjwa wa VEXAS alizaliwa na jeni nzima. Seli moja ya uboho ilibadilika miaka mingi baadaye, ikazaa nyingine, na uzao wake ukaja kutawala damu.

Ugunduzi

Ugonjwa ulielezwa mwaka 2020 na watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiwemo David Beck, Peter Grayson na Daniel Kastner. Hawakuanza na dalili zinazofanana, kama ilivyo desturi, bali walipekua jeni za wagonjwa zaidi ya 2,500 wenye homa au uvimbe usioelezeka. Wagonjwa 25 wa kwanza walioripotiwa wote walikuwa wanaume. 10 kati yao walifariki.

Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotaja vakuoli (matundu yanayoonekana ndani ya seli changa za uboho), kimeng'enya E1, kromosomu X, uvimbe unaojianzisha wenyewe na badiliko lisilorithiwa.

Jinsi unavyotokea

UBA1 hutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kubandika ubikuitini, alama ya kuonyesha protini zinazotakiwa kuvunjwa. Kikipungua, protini mbovu hurundikana na seli za kinga huwaka bila adui yeyote. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, hivyo nakala ya pili kwa kawaida humkinga. Mwanamume anayo moja tu.

Dalili

Homa za kurudiarudia, vipele vyenye maumivu, uvimbe wa gegedu za masikio na pua, maumivu ya viungo, matatizo ya mapafu na damu kuganda katika mishipa. Karibu kila mgonjwa ana upungufu wa damu wenye chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida. Wengine hupata pia magonjwa ya uboho yanayoweza kuelekea kwenye saratani.

Utambuzi

Kipimo cha uhakika ni cha jeni, lakini shaka huweza kuanzia kwenye picha kamili ya damu. Kwa mzee wa Utende, ambaye hospitali ya wilaya yake iko Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa, homa isiyoisha hufikiriwa kwanza kuwa malaria au kifua kikuu, na ni sawa kabisa: magonjwa hayo ni ya kawaida zaidi. Chembe nyekundu kubwa nazo huletwa pia na pombe, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa za VVU. Kifua kikuu lazima kitafutwe kabla ya matibabu, kwa kuwa dawa za steroidi hudhoofisha kinga na zinaweza kukiamsha.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 kutoka Pennsylvania ulikuta badiliko hilo kwa mwanamume mmoja katika kila 4,269 waliozidi miaka 50. Wengi wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya.

Matibabu

Steroidi hutuliza dalili, ila hurudi dozi ikipunguzwa. Ruksolitinibu na azasitidini huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Kupandikiza uboho ndiyo njia pekee inayoweza kuponya, nayo ni ya hatari kwa wazee.