Waliosikiliza Malalamiko: Historia Fupi ya Tume

Mwaka 1965, Tume ya Rais wa Tanzania iliyoongozwa na Rashidi Kawawa iliposhauri jinsi mfumo wa chama kimoja utakavyokuwa, ilitaka pia kiwepo chombo cha kuwasikiliza wananchi watakaoonewa na wenye madaraka. Mwaka 1966 Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ikaanza kazi chini ya Mwenyekiti Erasto Mang'enya. Barani Afrika, ilikuwa ya kwanza ya aina yake.

Tume hiyo haikukaa Dar es Salaam kungojea barua. Wajumbe na maofisa wake walizunguka mikoani, wakaitisha mikutano ya hadhara, wakaeleza kazi yao na kupokea malalamiko papo hapo. Ripoti zilikwenda kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wake. Kwa kuwa Tume haikuwa na uamuzi wa mwisho, nguvu yake yote ilikuwa katika uchunguzi uliofanywa vizuri. Ndiyo maana historia yake ni historia ya watumishi wake.

Kazi yenyewe huonekana mezani. Mstaafu anafika na mfuko wenye barua ya ajira, hati za mishahara na nakala za barua alizoandika kudai mafao. Anaanza kusimulia tangu siku aliyoajiriwa. Afisa mgeni huelemewa na maelezo. Mzoefu huzipanga karatasi kwa tarehe, akaiona barua ambayo haikujibiwa, akajua ofisi ya kuulizwa, na akamweleza kwa upole kama suala lake ni la mahakama. Ujuzi huo huiva kwa miaka, mgeni akikaa jirani na aliyemtangulia na kushughulikia naye jalada moja hadi lifungwe.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 na Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 yalileta Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi na kuongozwa kwanza na Jaji Robert Kisanga. Mzigo ukaongezeka: pamoja na malalamiko dhidi ya utawala, maofisa walipaswa kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu. Mtihani mkubwa ulikuwa Nyamuma, wilayani Serengeti, ambako wananchi walihamishwa kwa nguvu mwaka 2001 na nyumba zao kuchomwa. Wananchi 135 walilalamika, Tume ikachunguza, ikawapa haki na kutoa mapendekezo. Serikali ilipokataa mapendekezo hayo, shauri lilifika Mahakama ya Rufani, iliyoamua kwamba Mahakama Kuu inaweza kuombwa iyatekeleze. Bila uchunguzi wa maofisa, pasingekuwa na mapendekezo ya kutekeleza.

Kabla ya Makamishna wapya kuteuliwa mwaka 2019, Tume ilipitia kipindi bila hata mmoja. Wananchi hawakuacha kuonewa kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Waliobaki kuwapokea ni watumishi.

Tunapoikumbuka safari hii, tuwaenzi watumishi hao kwa vitendo. Mafunzo yatengewe fedha kila mwaka, asiye na uzoefu akabidhiwe kwa mzoefu, na maslahi yawe ya kumfanya afisa hodari abaki. Kila anayehama huondoka na ujuzi ambao hakuna masijala inayoweza kuuhifadhi, na anayelilipia pengo hilo ni mlalamikaji atakayeanza kusimulia upya.