Pikipiki Hufufuliwa

Imenifikia orodha ya istilahi za ufundi wa vyombo vya moto, iliyotayarishwa na kamati ambayo sitaitaja. Humo, kazi ya kuichukua pikipiki ya zamani iliyotelekezwa, kuifungua kipande kwa kipande na kuirudisha barabarani kama ilivyotoka kiwandani, imepewa jina la "urejeshwaji wa hali-asilia wa pikipiki kuukuu". Maneno sita kwa kazi ambayo mafundi wa hapa Rughenda, mjini Butembo, Kongo, huitaja kwa kitenzi kimoja. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara najiuliza kama mezani ilipopitishwa alikaa hata mtu mmoja aliyewahi kuosha kabureta.

Neno langu ni ufufuaji. Nimelitumia kwa miaka, nimelisahihishiwa na wahariri bila kuulizwa, na leo naliandikia utetezi.

Tuanze na maneno ya wengine. "Urejeshwaji" limetokana na rejea, neno tulilopewa na Kiarabu, na maana yake ni kurudi mahali ulipotoka. Hakuna ubaya hapo. Ubaya uko katika kazi ambazo neno hili limekwisha kupewa. Mwanamke wa kikundi cha kukopeshana, awe Mwanza au Kigoma, akisikia marejesho anafikiria fedha anazodaiwa mwisho wa wiki. Mtaalamu wa kompyuta akisikia urejeshaji anafikiria mafaili yaliyopotea. Kamati ikaongeza kosa la pili kwa kupachika -w- ya kutendwa, hata fundi akatoweka katika kazi yake mwenyewe: pikipiki imerejeshwa, hatujui na nani. Lugha inayomficha mwenye mikono michafu si lugha ya gereji.

Kuna wanaopendekeza "uhuishaji". Mmoja wao ni mwandishi ninayemheshimu kwa mengine, naye amelirudia neno hilo kila alipopata nafasi, hata baada ya kuonyeshwa kasoro yake. Huisha limejengwa juu ya hai, ambalo nalo ni la Kiarabu, na ni neno zuri. Lakini siku hizi uhuishaji ni kazi ya wachora katuni zinazotembea, na kuhuisha ni kazi ya ofisi: watu huhuisha leseni na taarifa za wateja. Zaidi ya hayo, huisha halisemi kwamba kitu kilikuwa kimekufa. Unaweza kukihuisha kilicho hai. Pikipiki iliyokaa bandani tangu watu walipokimbia vita vya 1996, kuku wakitaga juu ya tangi lake, haihitaji kuhuishwa.

"Ukarabati" ndilo neno lenye wafuasi wengi kuliko yote, na ndilo nitakalolipinga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa linaelekea kushinda kwa uvivu tu. Hukarabatiwa shule, barabara, zahanati na daraja. Darasa likitiwa paa jipya, sakafu mpya na milango mipya, limekarabatiwa, na hakuna anayeuliza matofali ya kwanza yalikwenda wapi. Kinachotakiwa ni kwamba wanafunzi waingie. Ukarabati unaangalia matumizi. Kazi ninayoizungumzia inaangalia utambulisho, na hapo ndipo neno langu linapopata haki yake.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Ndani ya fufua mna sauti ya -fu, ile ile ya mfu, wafu na ufu, na nyuma yake kuna kitenzi cha kufa, mojawapo ya vitenzi vikongwe kabisa vya Kibantu. Pembeni mwa mzizi huo limesimama umbo la kutendua, ambalo Kiswahili kimelitumia kwa ustadi ambao lugha nyingi zinaweza kuutamani. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunatega na kutegua, tunafumba na kufumbua, tunapakia na kupakua, tunabandika na kubandua. Katika kila jozi, kitenzi cha pili hakianzishi jambo jipya, bali kinalivua lile la kwanza na kuacha kitu kama kilivyokuwa kabla yake. Wanasarufi wanaweza kubishana jinsi silabi zilivyorudiwa katika fufua. Maana haibishaniwi: ni kuutengua ufu. Na kama vile fungua ina funguka, fufua ina fufuka, kwa hiyo tunaweza kusema fundi ameifufua na pikipiki imefufuka, bila kuazima chochote kwa mtu. Neno limo katika kamusi ya Johnson ya 1939, na halikuanza hapo. Watu walikuwa wakifufua madeni, kesi na ugomvi tangu zamani, na leo Tanzania nzima inazungumza juu ya kufufua viwanda na kufufua uchumi. Kiwanda kinafufuliwa, halafu pikipiki ikatazwe?

Jirani ya fufua ni fukua, na wachapaji huwachanganya hawa wawili. Fukia, fukua: kile ulichokifunika unakifunua. Nao wanafuatana katika kazi hii hii. Kabla pikipiki haijafufuliwa hufukuliwa kwanza, kutoka chini ya magunia, mabati na mavumbi ya miaka.

Kifaransa, ambacho wengi wa wasomi wetu hapa Butembo hukikimbilia, hakitusaidii. Neno lao ni "restauration", kutoka Kilatini, lenye maana ya kusimamisha tena. Lakini katika karne ya 18 watu wa Paris walianza kuuza mchuzi wa kurudisha nguvu mwilini, wakauita kwa neno la mzizi huo huo, na kutoka kwenye bakuli la mchuzi likazaliwa jina la mkahawa. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Butembo akiona neno hilo kwenye kibao anaingia ndani kuagiza bugali na sombe. Na bado kuna wenzetu wanaotaka tuandike "restorasyo" na kufunga mjadala.

Naja kwenye hoja yangu kubwa. Anayefufuka ni yule yule aliyekufa. Akitoka mwingine kaburini, hakuna aliyefufuka. Fufua peke yake, kati ya maneno yote yaliyopendekezwa, ndiyo inayobeba sharti hilo ndani yake bila kuongezewa "hali-asilia" wala mkia mwingine wowote.

Itazame meli ya MV Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, na Julai 1916 wakaizamisha wenyewe ziwani Tanganyika ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Wabelgiji waliiopoa baadaye, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927, kwa injini zake zile zile za mvuke zilizolala majini. Huo ni ufufuaji. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Hiyo ilikuwa kazi njema na abiria waliihitaji, lakini ni ukarabati. Meli moja, kazi mbili, na Kiswahili kina jina la kila moja. Kamati inataka tuyaunganishe yawe jina moja, kisha inatuambia inaikuza lugha.

Hapa Rughenda mfano ni mdogo zaidi, nao ni Yamaha AG100. Wasomaji wa makamo wanaijua: herufi mbili za kwanza ni za kilimo, mnyororo wake umefunikwa usile matope, mbele na nyuma ina kichanja cha mizigo, na injini yake ni ya mipigo miwili, inayonywa oili pamoja na petroli. Pikipiki kama hizi ziliwabeba mabwana shamba, wauguzi na makatekista kwenye njia za Lubero na Beni. Ninayoizungumzia ilikuwa imeegemea ukuta wa banda, si mbali na uwanja wa ndege, pistoni imekamata kwenye silinda. Kijana fundi aliyeitwa kuitazama aliizunguka, akaikanyagia kiki mara moja, ikakataa kushuka, akasema: "Papa, hii moto haiyakufa. Inalala tu."

Haiyakufa, yaani haijafa, na moto ni pikipiki. Mtoto huyu hajasoma orodha ya kamati yoyote, na mjadala wake wa kwanza juu ya chuma kile ulikuwa mjadala wa uhai na mauti. Ndivyo mafundi wote wanavyosema: betri imekufa, injini imekufa, usiiue hapo kilimani. Kuwaletea hao "urejeshwaji" ni kuwanyang'anya sentensi waliyokwisha kuianza.

Alitoa bujie (plagi), akamimina mazutu (dizeli) ndani ya tundu, akaiacha. Siku zilizofuata alikuwa akija kuongeza na kulitikisa gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa kwenye gia, kidogo tu, mbele na nyuma, bila nguvu. Kabureta aliilaza kwenye petroli, na jeti akazizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Aliukataa waya wa chuma, kwa kuwa chuma hupanua tundu na hapo petroli haipimiki tena. Tangi alilitia kokoto na maji ya sabuni akalitikisa mpaka maji yakatoka mekundu ya kutu. Pistoni ilipoachia, tuliona silinda ina mikwaruzo, ikapelekwa kuchongwa, ikatiwa pistoni na segma (ringi) za kipimo cha juu.

Najua mpinzani wangu anaingojea sentensi hiyo. Pistoni ni mpya, atasema, basi umekarabati. Hapana. Viwanda vya pikipiki hutoa pistoni za kuongezea, 0.25 ya milimita, kisha 0.50 na kuendelea, kwa sababu vinajua silinda italika na vinataka iendelee kuwa silinda ile ile. Kuichonga na kuitia pistoni ya kipimo chake ni kufuata nia ya aliyeiunda. Tofautisha na kazi inayofanyika kila siku mjini: fremu ya Yamaha ya zamani inatiwa injini ya Kichina ya mipigo minne, nakala ya ile Honda CG125 ya 1976. Inakwenda, inabeba mkaa na abiria, inamlisha mwenye nayo, na simlaumu. Lakini iliyokufa bado imekufa. Kilichopanda kilima ni kingine kilichovaa nguo zake.

Kuhusu "kuukuu" nitasema machache. Kuukuu ni nguo iliyochakaa, kamba iliyolika, kitu kinachokaribia kutupwa. Jirani yake ni chakavu, na vyuma chakavu tunajua vinakoishia. Chombo ambacho umri umekiongezea heshima ni kikongwe. Pikipiki kongwe, basi.

Pingamizi pekee lililonigusa halikutoka kwa kamati. Lilitoka kwa katekista mmoja, mzee wa parokia, aliyeniambia kwa upole kwamba ufufuo ni wa Bwana na si wa mashine. Katika mji kama wetu, ambao mapadri Waasumptio walifika eneo lake mwaka 1929 na ambako Pasaka hujaza barabara, neno hilo halipuuzwi. Nilimjibu kwa sarufi, na jibu hilo nalisimamia. Lugha yetu imekwisha kuweka mpaka. Kuna ufufuo, kwa -o, tukio lenyewe, limekamilika, ambalo Kanisa linalikiri. Na kuna ufufuaji, kwa -aji, kazi inayofanywa tena na tena na mtu mwenye ujuzi, kama ushonaji ulivyo kazi. Hakuna Mkristo atakayesema Jumapili ya Ufufuaji, wala fundi atakayeandika mlangoni Gereji ya Ufufuo. Mzee aliniomba nimwandikie maneno hayo mawili kwenye karatasi, akaichukua.

Kwa matumizi: fufua, fufuka, ufufuaji, mfufuaji, pikipiki kongwe iliyofufuliwa.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Tangu kuingia Jumuiya tumealikwa kwenye mikutano mingi ya lugha kama wageni wa kusikiliza. Orodha zinazopitishwa huko zinadhani kila fundi husema plagi na ringi, na hazijui kwamba kutoka Bukavu hadi Bunia mamilioni husema bujie na segma, wakiwa ndani ya Kiswahili, si nje yake. Sidai maneno yetu yote yaingie. Nadai tuulizwe kabla neno la gereji halijapitishwa na watu wasioingia gereji.

Wahariri wanaopokea makala zangu nawaomba jambo moja: mkikuta nimeandika ufufuaji, liacheni. Na kamati iliyotajwa mwanzoni, kama toleo la pili la orodha yake linaandaliwa, iliondoe lile la maneno sita.