Haya, Imba Wimbo wa Taifa

Nilipotea kidogo, nilikuwa Kigoma, na nimerudi na jambo ambalo bado linanikera.

Tulikuwa tunatoka Kibondo kwenda Kasulu, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo, Muha wa huko huko. Basi likasimama kwenye kizuizi, akapanda mkaguzi, akawa anapita katikati ya viti anatazama sura za watu. Mimi mzaliwa wa Tanga hakuniuliza hata jina. Mwenzangu akaambiwa, "Wewe, shuka." Akatoa kitambulisho cha Taifa, kikageuzwa mbele nyuma kama noti ya bandia. Kijiji gani? Mwenyekiti wenu nani? Babu yako kazikwa wapi? Halafu ikaja ile yenyewe: haya, imba wimbo wa Taifa.

Jamani! Mtu na shahada yake, baba wa watoto wawili, anaimba kando ya barabara huku mbuzi wakimwangalia. Aliimba beti zote mbili. Aliporudi kitini nikaanza kulalamika kwa niaba yake, akanikatiza: "Leo ni mara moja tu, bado hujaona." Mama aliyepakata kuku kiti cha mbele wala hakugeuka.

Njia nzima nikawa nauwaza wimbo wenyewe. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu Mxhosa, huko Johannesburg. Yaani Muha anapimwa Utanzania wake kwa wimbo wa Mxhosa! (Naupenda sana, msije mkanifikiria vingine. Taifa Stars wakisimama kuuimba, mwili unanisisimka.) Tena haumkamati mtu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watoto wao wakasoma shule kama za kwetu, na nadhani wimbo wanaujua kuliko wengi wetu wa Dar. Zaidi ya 160,000 kati yao na vizazi vyao waliukubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Hivi tunakumbuka kwamba huo mpaka ni wa juzi tu? Zamani Buha ilikuwa na tawala zake, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na majirani wao Warundi walikuwa na mwami wao. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mkalimani hahitajiki. Mjerumani akawaweka wote kwenye koloni moja. Akashindwa vita, na mwaka 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakagawana: Ruanda na Urundi kwa Mbelgiji, Buha ikabaki Tanganyika kwa Mwingereza. Hakuna Muha aliyeulizwa, wala hakuna aliyeambiwa aimbe.

Mwingereza naye aliwafanyia nini Waha? Aliwageuza kuwa nguvukazi. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na kwa miaka mingi vijana wa Buha walipakiwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Tanganyika ikaongoza duniani kwa mkonge, nasi shuleni tukafundishwa kujivunia. Mimi nimekua na wajukuu wa manamba hao, tumecheza chandimu pamoja, na kwetu hakuna aliyewahi kuwaomba kitambulisho.

Halafu kuna fahari yetu nyingine, ile ya kupokea wageni. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen kwa ajili ya wakimbizi. Ni haki yake. Lakini medali ilipewa Mwalimu, na mzigo ulibebwa na nani? Rais Ndadaye alipouawa Bujumbura Oktoba 1993, Warundi waliovuka waliangukia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikawaleta Wakongo, Nyarugusu ikaanzishwa. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Kuni zilikwisha kwenye misitu ya Waha, siyo Oysterbay.

Nitende haki pia: bunduki ziliingia pamoja na wakimbizi, na kuna miaka mabasi ya huko yalisindikizwa na polisi kwa kuogopa majambazi. Ukaguzi haukuzuka tu hewani. Ninachouliza ni kwa nini baada ya miaka yote hiyo anayeshushwa ni yule yule aliyekuwa mwenyeji. Mwaka 2021 mzaliwa wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, aliapishwa kuwa Makamu wa Rais. Watu wa kwao wakaendelea kuulizwa babu kazikwa wapi.

Kasulu tulifikia kwa mama yake mkubwa. Kabla hata ya chakula akamuuliza, "Wamekuimbisha?" Akajibu ndiyo. "Beti zote?" Zote. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akatuletea ugali wa muhogo na migebuka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya maharage.

Siku ya kurudi, kizuizi kile kile, mkaguzi mwingine, "Wewe, shuka." Safari hii nikashuka naye. Mkaguzi akashangaa, akasema basi tuimbe wote. Tukaanza vizuri. Ubeti wa pili nikakwama katikati, mwenzangu akamalizia peke yake.